Pesa Inaisha Tarehe 18: Mwongozo Kamili wa Kupima Gharama za Maisha Tanga kwa Siku 30

Malalamiko ninayoyasikia ni yale yale. Mtu amehamia Tanga, au amezaliwa hapa na sasa ameanza maisha yake mwenyewe, amekaa akaandika bajeti safi kabisa, na ikifika tarehe 18 mfuko uko mtupu. Anaandika upya mwezi unaofuata, inavunjika tena. Mara ya tatu anaamua kwamba bajeti ni mambo ya watu wenye pesa.

Nimekaa na watu kadhaa tukafungua hizo karatasi zao. Kosa ni moja: wameandika "chakula 200,000" na hakuna mtu Tanga anayenunua chakula cha 200,000. Tunanunua fungu la nyanya, robo ya sukari, kipimo cha mafuta, samaki wa siku hiyo. Pesa inatoka kwa siku na kwa vipimo vidogo, halafu tunaihesabu kwa mwezi na kwa kukisia. Mwongozo huu unageuza mambo: kwanza unapima, kisha unaandika.

Bei nitakazotaja za soko, nyumba na nauli ni za kuonyesha hesabu tu. Weka zako.

## Vitu unavyohitaji

- Daftari moja la kurasa 40 na kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye daftari. Kalamu ikipotea siku mbili, kazi yote imeharibika.
- Mizani ndogo ya kuning'iniza, ile yenye ndoano, inayofika angalau kilo 20. Ukiwa na ya jikoni ya gramu pia, vizuri zaidi.
- Kopo mbili zenye vifuniko: moja ya matumizi ya siku, moja ya mfuko wa msimu.
- Ujumbe wote wa LUKU (umeme wa kulipia kabla) uliobaki kwenye simu, na ankara za maji za miezi mitatu kama unazo.
- Mkataba wa nyumba.
- Utepe wa karatasi wa kubandika kwenye mtungi wa gesi.

Na makubaliano ya nyumba nzima. Kama mume anaandika na mke haandiki, au mama anaandika na watoto wanatumwa dukani bila kurudisha taarifa, usianze kwanza. Kaeni mzungumze.

## Hatua ya 1: Andika siku 7 bila kubana chochote

Kwa wiki nzima ishi kama ulivyozoea. Kila shilingi inayotoka inaandikwa: kitu, kiasi, bei. Andika pale pale, usisubiri usiku.

Sababu ya kutobana ni kwamba ukianza kujinyima siku ya kwanza utapima nyumba ambayo haipo. Wiki itapendeza kwenye daftari, kisha wiki ya pili kila kitu kitarudi palepale.

Vinavyosahaulika ni vile vile kila nyumba: vitumbua na chai ya asubuhi njiani, kachori za jioni, vocha, makato ya kutoa pesa kwa wakala, bodaboda ya "leo tu", mchango wa msiba mtaani. Viandike. Mchango wa msiba si ubadhirifu, ni sehemu ya gharama ya kuishi na watu, na bajeti isiyokuwa nao ni ya uongo.

Tahadhari: usimgombeze mtu kwa alichonunua wiki hii. Ukimgombeza mara moja tu, ataanza kuficha, na daftari halitakuambia ukweli tena.

Utajua imefaulu ikiwa jioni ya siku ya saba pesa uliyoanza nayo, ukitoa jumla ya daftari, inalingana na iliyobaki mkononi. Tofauti ya elfu moja au mbili si neno. Ikiwa elfu kumi imepotea, rudia wiki.

## Hatua ya 2: Pima kila unachonunua mara kwa mara

Hapa ndipo mwongozo mzima ulipo, kwa hiyo usiharakishe.

Chukua vitu kumi vilivyojitokeza zaidi kwenye daftari. Kila ukirudi navyo, vitundike kwenye mizani kabla ya kuvipika. Gawanya bei kwa uzito, upate bei ya kilo. Fanya hivyo kwa fungu, kwa sado (ile ndoo ndogo ya kupimia sokoni) na kwa gunia kama upo uwezekano.

Kijana mmoja na mkewe wanaoishi Mikanjuni walinikaribisha siku ya kupima. Walikuwa wametoka soko la Mgandini na fungu la nyanya la shilingi 1,000: nyanya sita, mbili zimelainika. Mizani ikasema gramu 420. Maana yake kilo moja walikuwa wanainunua kwa shilingi 2,380. Jirani yao alikuwa na sado moja aliyoichukua kwa 4,000. Ilitoa kilo 2.5, yaani kilo kwa 1,600. Yule binti akashika kichwa. "Shangazi, kila siku nanunua fungu!"

Nikamwambia asiruke bado. Yeye na mumewe hawana friji. Sado wakinunua, kwa joto la kaskazi, siku ya nne kilo moja imeoza. Wakitupa kilo moja, ile kilo 1.5 iliyobaki imewagharimu 4,000, ambayo ni kama 2,670 kwa kilo. Ghali kuliko fungu! Sado inakuwa rahisi pale tu unapoimaliza. Kwa hiyo ama mgawane na jirani siku hiyo hiyo ya kununua, ama uzisage zote, uzichemshe hadi maji yakauke, uhifadhi rojo na mafuta kidogo juu.

Kwa hiyo weka alama mbili kwenye daftari.

Vya kununua kwa wingi: mchele, unga, maharage, sukari, chumvi, mafuta ya kupikia, sabuni, vitunguu maji (mahali pakavu penye hewa). Vitu hivi haviozi, na hapa ndipo vipimo vya "robo" na "nusu robo" vinapokumeza. Pima hata sukari iliyofungwa kwenye vifuko dukani. Robo nne hazitoi kilo kila mara.

Vya kununua kidogo kidogo: nyanya, mchicha, matembele, ndizi mbivu, samaki mbichi kama huna friji.

Nazi nitaisemea peke yake kwa sababu ndiyo kitu cha kwanza watu wanachokata wakibanwa, na ndani ya siku nne nyumba nzima inachukia bajeti. Usikate nazi. Nunua zisizofuliwa, kumi kwa pamoja, uzifue moja moja nyumbani. Zikiwa na makumbi yake hukaa muda mrefu bila kuharibika. Kabla ya kulipa, itikise nazi sikioni. Isiyo na mlio wa maji imeanza kuharibika.

Kabichi, karoti na viazi vinashuka kutoka milima ya Usambara, na machungwa yanatoka Muheza. Maana yake barabara ikisumbuliwa na mvua za masika, bei ya mboga za milimani inapanda mjini. Wiki hizo geukia majani ya hapa hapa: kisamvu, mchicha, matembele.

Utajua imefaulu ukiweza kusema bei ya kilo ya vitu vyako kumi bila kufungua daftari.

## Hatua ya 3: Samaki, kwa sababu hapa Tanga samaki ndiyo nyama yetu

Soko la samaki la Deep Sea lina bei ya mnada na lina bei ya mchuuzi aliyenunua mnadani. Ukifika peke yako na elfu tano, mnada si wako. Mkifika majirani watatu au wanne mkachangia fungu kubwa, mnaingia.

Mambo matatu yanaamua bei. La kwanza ni upepo: wakati wa kusi bahari inachafuka, vyombo vidogo vinashindwa kutoka na samaki wanaadimika. La pili ni mwezi: dagaa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa angani taa hazivuti, kwa hiyo wavuvi wengi wa dagaa hupumzika. Nunua dagaa siku za giza, uwakaushe. La tatu ni saa uliyofika. Anayechelewa ananunua mabaki.

Pima samaki mara mbili: akiwa mzima, na baada ya kumparua na kutoa matumbo. Bei ya kweli ni ile ya mizani ya pili. Samaki mwenye kichwa kikubwa anaweza kuonekana rahisi sokoni na kuwa ghali sufuriani, ingawa kichwa hicho kikienda kwenye mchuzi hesabu inabadilika tena.

Tahadhari: matamvua yaliyofifia na macho yaliyozama, acha hata kama bei ni nusu.

## Hatua ya 4: Geuza kodi ya nyumba iwe ya siku

Tumezoea kulipa miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka. Ndiyo maana mtu anasema "mimi miezi hii sina kodi", kisha mwezi wa sita anauza simu.

Tuseme chumba na sebule ni 60,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 360,000. Dalali amechukua kodi ya mwezi mmoja, jumla 420,000. Gawanya kwa siku 180: umeishi pale kwa shilingi 2,333 kila siku, si 2,000. Kuanzia siku unayoingia, kila siku weka 2,000 kwa ajili ya awamu ijayo. Ukilipwa kwa wiki, weka 14,000 siku ya malipo kabla hujapita sokoni.

Kabla ya kulipa nyumba mpya, uliza haya ukiwa umesimama uani, mbele ya wapangaji wenzako:

Mita ya umeme ni ya wangapi? Maji yako ndani au mnanunua? Choo kikijaa nani analipa gari la kunyonya? Mvua kubwa ya mwisho maji yalifika wapi ukutani? Swali la mwisho usimuulize dalali. Muulize mama anayeuza maandazi barazani.

Na usidanganyike na chumba cha mbali. Tuseme Pongwe, njia ya Muheza, umepata kwa 35,000, na Makorora, hapa mjini, ni 60,000. Mko wawili, wote mnafanya kazi mjini siku 26 kwa mwezi: safari 104. Kwa nauli ya 700, ni 72,800. Ukijumlisha, chumba cha 35,000 kimekuwa 107,800. Ikiwa kazi yako iko huko huko Pongwe, hesabu inageuka upande wako.

Mji wetu ni tambarare, na baiskeli si aibu hapa. Daktari anapanda, mwalimu anapanda, muuza samaki anapanda. Baiskeli iliyotumika mara nyingi hurudisha pesa yake kwa nauli za miezi michache. Ongeza kufuli imara kwenye bei.

Utajua imefaulu mkataba ukibakiwa na miezi mitatu na nusu ya kodi ijayo tayari ipo.

## Hatua ya 5: Jua uko kundi gani la umeme

Watu wengi wanalipa umeme bila kujua bei ya uniti yao. TANESCO, shirika la umeme, ina kundi la D1 kwa nyumba zenye matumizi madogo: uniti 75 za mwanzo kwa mwezi ni shilingi 100 kila moja, zinazozidi hapo ni 350. Kundi la kawaida, T1, ni shilingi 292 kwa uniti tangu ya kwanza. Hizo ni bei kabla ya kodi na tozo.

Tofauti iko wazi. Uniti 75 kwenye D1 ni 7,500. Uniti hizo hizo kwenye T1 ni 21,900.

Kujua kundi lako, usitumie manunuzi ya kwanza ya mwezi, maana hapo hukatwa kodi ya jengo. Nunua mara ya pili kwa 5,000 uangalie. Ukipata uniti 40 hivi, uko D1. Ukipata 14 hivi, uko T1.

Sasa tazama nyumba zetu za Kiswahili za Ngamiani: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, mita moja ukutani. Wapangaji watatu, kila mmoja anatumia uniti 40. Kila mmoja angekuwa na mita yake ya D1 wangelipa 4,000 kila mtu, jumla 12,000. Kwa kuwa mita ni moja, inasoma uniti 120, imetoka kwenye D1, na wanalipa 35,040. Hakuna aliyewaibia. Ni mita tu. Zungumzeni na mwenye nyumba kuhusu kugawa mita, na kama hataki, pangeni nyumba nyingine muda ukifika. Kuna mwenye nyumba niliwahi kupanga kwake aliyekuwa akikusanya pesa ya umeme sawa kwa sawa, mwenye friji na asiye nayo, na ugomvi wa uani haukuisha mwaka mzima. Andikeni vifaa vya kila mtu, mgawane kwa vifaa.

Kifaa unakipima hivi: wati zake mara saa inazowashwa, gawanya kwa 1,000. Feni ya wati 60 kwa saa 10 za usiku ni uniti 0.6, na kwa siku 30 ni uniti 18. Pasi ya wati 1,000 kwa saa moja ni uniti nzima, kwa hiyo piga pasi za wiki mara moja.

Tahadhari: kuunganishiwa umeme pembeni ya mita kunaua watu na kunachoma nyumba. Usikubali hata kama fundi ni ndugu.

Kodi ya jengo ni wajibu wa mwenye nyumba. Kama inakatwa kwenye manunuzi yako ya LUKU, hifadhi ujumbe wote, umrudie nao kwa heshima siku ya kulipa kodi ya nyumba.

## Hatua ya 6: Maji na moto

Maji ni hesabu fupi. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, sawa na madumu 50 ya lita 20. Jirani akikuuzia dumu kwa 100, uniti umeilipa 5,000. Linganisha na bei ya uniti kwenye ankara ya mtu mwenye mita mtaani kwako. Ukikuta tofauti kubwa, kuvuta maji mnaweza kuchangia wapangaji wote na ikajilipa.

Moto unahitaji uvumilivu. Mtungi wa gesi ukifika, bandika utepe uandike tarehe. Siku utakapokwisha, gawanya bei kwa idadi ya siku. Mtungi wa kilo 6 uliojazwa kwa 24,000 ukidumu siku 24, moto wako ni 1,000 kwa siku. Mwezi mwingine fanya hivyo kwa mkaa. Ukinunua kopo mbili za 700 kila siku, tayari ni 1,400. Gunia hupunguza, lakini lipime, na chunguza kuna vumbi kiasi gani chini.

Usisahau kuupima mtungi wenyewe. Uzito mtupu umegongwa kwenye chuma chake. Mtungi wa kilo 6 lazima uzidi uzito huo kwa kilo 6. Pima dukani, mbele ya muuzaji, kabla hujalipa. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Kwenye maharage, yaloweke usiku kucha. Utaona tofauti kwenye tarehe za utepe.

Tahadhari: jaribu kuvuja kwa gesi kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Na jiko la mkaa lisilale chumbani na watu, hata mvua ikinyesha. Hewa yake haina harufu na inaua usingizini.

## Hatua ya 7: Kopo la msimu

Januari ya sare na madaftari. Harusi. Ramadhani na Idi. Hivi vyote vinajulikana na bado vinatuvamia.

Orodhesha mwaka mzima, kadiria kila kimoja, jumlisha, gawanya kwa siku 365, na kiasi hicho kiingie kwenye kopo la pili kila siku. Ramadhani iwe peke yake: inarudi baada ya siku 354 hivi, inatangulia karibu siku 11 kila mwaka. Ukiihesabu kwa mwaka wa kawaida, itakukuta kopo halijajaa. Futari ya mihogo, magimbi, tambi na nazi, na nguo za Idi za watoto wawili, tuseme 240,000: gawanya kwa 354, ni kama 680 kwa siku. Nunua tambi, sukari na unga wa ngano mwezi wa Shaabani ukianza, bei hazijachangamka.

Kama unacheza kijumbe, ule mchezo wa kuchangiana na kupokea kwa zamu, omba zamu yako iangukie mwezi wa kodi au wa Idi.

## Hatua ya 8: Funga hesabu siku ya 30

Jumlisha ya siku zote 30: chakula, kodi, umeme, maji, moto, nauli, msimu, michango. Gawanya kwa 30. Hiyo ndiyo gharama yako ya siku moja Tanga. Iandike kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari.

Asubuhi kila siku toa pesa ya sokoni tu, weka kwenye kopo la kwanza. Ikibaki, inalala humo humo ya kesho iongezeke.

Ikiwa jumla imezidi kipato, angalia kwa mpangilio huu: kwanza vipimo vidogo vya vitu visivyooza, pili mita ya umeme, tatu nauli, nne nyumba. Mlo wa watoto usiuguse.

Wale wa Mikanjuni walianza na sukari, mchele na mafuta peke yake. Mwezi huo walifika tarehe 26. Mwezi uliofuata wakagawa mita. Sasa daftari liko juu ya kabati, na wameandika tarehe ya kulishusha: siku 45 kabla mkataba wao haujaisha, ili wakienda kuongea na mwenye nyumba waende na namba mkononi.